Miguu ya Bibi Chini ya Pazia

Watu huhifadhi juzuu za Kurani. Yule Mskoti alihifadhi maisha yake mwenyewe, na kila asubuhi alinisomea.

Nilikuwa dereva wa basi la walimu wa chuo kimoja Nizwa, Oman. Ilikuwa kazi yangu ya sita au ya saba, maana mimi sikai. Sur nimeuza vyuma, Al Kamil nimewatia watu petroli, na Ibra kwetu siwezi kumaliza mwaka bila kuanza kukumbuka mahali pengine. Mskoti alifundisha Kiingereza, akakaa kiti cha mbele, akasema.

Alizaliwa kijiji cha kaskazini kabisa ya Uskoti. Baba yake mpiga fidla, babu yake mpiga fidla. Alipokuwa na miaka tisa alisimamishwa juu ya meza katika ukumbi wa kijiji, akapiga, watu wakacheza mpaka jasho lao likawa linadondoka kutoka darini. Muhula wa kwanza aliponisimulia yalikuwa matone. Muhula wa pili ilikuwa mvua. Wa miaka ishirini na mbili akashinda kikombe. Akarikodi kanda mbili, akazunguka visiwa vyao na bendi ndani ya gari lisilo na breki. Halafu vijana wa kwao wakataka magitaa ya umeme, kumbi zikafungwa, mke akachoka, na ndivyo Oman ilivyopata bahati ya kuletewa yeye.

"Mimi sipigi nyimbo," alikuwa akisema. "Napigia miguu. Naitazama miguu ya watu, mkono unafuata."

Maisha yake niliyajua kuliko ya marehemu baba yangu, na baba yangu alikuwa na ya kusema.

Mwaka huo bibi yangu, mzaa baba, alikuwa anamwoza kitukuu chake pale Ibra. Ana miaka themanini na kitu, kaondoka Unguja akiwa mke wa mtu, na hakutaka kitu katika harusi ile ila kimoja: siku ya hina apigiwe wimbo aliotolewa nao yeye, kutoka chumbani mpaka mlangoni, siku alipokuwa bibi harusi. Tena upigwe kwa fidla. Mpiga fidla wetu wa mwisho, mtu wa Sur, alikuwa keshafariki. Waliobaki ni vijana wa kinanda cha umeme. Kijana anabonyeza kidude kimoja, zinatoka fidla ishirini, zote zina mafua.

"Kile kitu hakina pumzi," bibi akasema. "Mimi nataka mtu."

Nami kwa ujinga wangu nikasema ninaye.

"Wa wapi?"

"Mskoti, bibi."

"Ndio watu gani hao?"

"Wazungu, lakini si Waingereza. Hawapendi kuitwa Waingereza."

"Na sisi hatupendi tunavyoitwa. Mlete."

Nilimpa Mskoti wimbo katika simu, akakaa nao wiki mbili. Nitasema kweli, sauti alizipata zote, hata zile zinazoteleza katikati ambazo wageni huzivunja. Ningejua ningetia shaka hapo hapo.

Siku ya hina, baada ya alasiri, nilimpeleka Ibra. Sisi wanaume tulikaa majlisi, chumba cha wageni: yeye, mzee mmoja wa Aija kule Sur, mpiga udi, na mpiga dumbaki. Mlango wa kuingilia ndani ulifungwa kwa pazia zito, na wanawake wote walikuwa upande wa pili.

"Wachezaji wako wapi?" Mskoti akaniuliza.

"Nyuma ya pazia."

"Nitawaonaje?"

"Huwaoni."

Akaniangalia kama niliyemwambia aendeshe basi kafumba macho.

Alianza vizuri. Kule ndani wanawake wakanyamaza, na kwetu hiyo ndiyo heshima. Wimbo mtamu unakaliwa. Mtu anasikiliza, sana sana bega ndilo linalosogea. Lakini yeye kimya kile alikijua kwa maana moja tu, kwamba ukumbi umelala. Na kwao ukumbi ukilala mpigaji anaongeza mwendo mpaka watu wainuke. Akaongeza. Kule wakazidi kunyamaza, sasa kwa kushangaa. Akaongeza tena, anapiga zulia kwa kisigino, mzee wa udi ananitazama mimi kama ndimi niliyemzaa. Wimbo wa kumtoa bibi harusi hatua kwa hatua ukawa wa mbuzi aliyekata kamba.

"Bibi harusi kaiba nini, mbona anafukuzwa?" sauti ya shangazi ikatoka ndani, na kicheko kikafuata.

Kisha bibi, bila kupaza sauti: "Mwambieni huyo bwana apumzike."

Niliitwa kwenye ukingo wa pazia.

"Mjukuu wangu, anakimbilia wapi?"

"Anadhani hamkupenda, bibi. Kwao watu wakipenda wanaruka."

"Na mimi niruke? Kwa magoti ya nani?"

"Khalas, mama," shangazi akasema. "Kijana wa kinanda yuko nje, anakula halwa."

Kumbe walishamwita, wa akiba, bila ya kuniambia. Hivyo ndivyo ukoo wangu unavyoniamini.

Nilirudi nikamkuta Mskoti anaitia fidla kwenye sanduku, shingo imemwiva. Miaka arobaini, akasema, hajawahi kusimamishwa na ukumbi. Hawezi kupigia kitambaa. Mpe miguu, au mwache aende zake.

Nikampelekea bibi maneno hayo kama yalivyo, nikitegemea kutukanwa. 

"Nisogezeeni kiti," akasema.

Kiti kikawekwa nyuma ya pazia. Pazia likainuka shibiri moja kutoka chini, ikatokea miguu miwili ya bibi yangu, imepakwa hina, ndani ya ndara za plastiki.

"Mama, aibu," shangazi akasema.

"Mimi ajuza, miguu yangu haimfitini mtu. Aibu ni kile kinanda. Mwambie atazame hapa, asipande juu."

Mguu wa kulia ukasogea. Ukatulia. Wa kushoto ukaufuata. Mskoti aliinama mpaka kidevu kikakaribia kuiacha fidla, macho kwenye ndara zile, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akamtii mtu. Mguu ukisita, uta ulisita. Hakuna aliyecheka tena. Ulipokwisha wimbo, pazia likashuka.

Njiani kurudi alikuwa keshaanza kuirekebisha hadithi. Tulipopita Izki wanawake walikuwa mia, na wote walikuwa wamesimama wanacheza. Sikumkatiza, barabara ilikuwa na ngamia, na ngamia walinihusu zaidi. Mkataba wake umekwisha siku nyingi, na sina shaka huko kwao dari inamwagika jasho la wanawake wa Ibra.

Kesho yake asubuhi nilimpigia bibi simu, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza aliuonaje wimbo wake.

"Mwishoni aliharakisha tena kidogo," akasema. "Lakini alichelewa. Mimi nilikuwa nishafika mlangoni."