Shikome ya Nkuba na Gemu ya Padi Mbili

Siku ya kwanza Nkuba anaingia kwenye fremu yangu ya duka pale Mwanjelwa, sikumpokea vizuri. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya Mbeya inauma mpaka meno, na mimi kabla sijanywa chai sitaki mtu aniongeleshe. Yeye kaingia na kofia yake ya pama, fimbo mkononi, shuka begani, mkewe nyuma, anaongea utadhani mimi niko ng'ambo ya mto.

"Wewe ndiye unauza vitu vya kuchangamsha nyumba?"

"Nauza kompyuta na gemu, mzee. Unataka ipi?"

"Kwanza salamu, kijana. Hata ng'ombe wangu asubuhi wananisalimia."

Nikataka kumchana, ila mkewe akacheka kicheko kimoja kitamu sana, hasira ikaniishia mdomoni. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti mpaka watu wa duka la nne wakageuka. Baadaye nikaja kujua Nkuba kwa Kisukuma ni radi. Nikasema aah, kumbe wazazi wake walimsikia akilia tu wakapata jina.

Huyu mzee ni mtu wa Ubaruku, kule bonde la Usangu. Wazazi wake walishuka kutoka Usukumani na ng'ombe, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Kakulia Usangu, kaoa Usangu, ana majaruba ya mpunga na maksai wa kulimia, na ana vijana watatu wa kiume, mkubwa anaitwa Paulo. Mkewe anaitwa Nyamizi. Mama mfupi, mtulivu, macho yake yanazunguka kila kona.

Sasa muone huyo mzee ananunua. Mimi nimezoea wateja wa kuuliza bei na kuondoka. Yeye kwake kununua ni kama yuko mnadani. Kaizunguka kompyuta yangu ya mezani, kaigonga ubavuni, kainama kuangalia nyuma.

"Ilikuwa kwa nani hii?"

"Ofisi moja ya Iringa, mzee. Haijateswa."

"Washa." Nikawasha. "Zima." Nikazima. "Washa tena." Feni ikaanza kuunguruma. Akaweka sikio. "Mbona inahema hivi? Haina homa?"

"Mzee, hiyo ni feni! Inajipoza!"

"Usinifokee. Ng'ombe akihema hivi mimi sinunui, nauliza. Kuuliza ni kosa?"

Nikamuuliza taratibu, kwa kujilazimisha, anataka hicho kitu cha nini hasa. Hapo ndio sauti ikashuka. Akavuta stuli, akakaa, akanieleza habari ya shikome.

Kwao shikome ni moto wa jioni uani. Wanaume wa nyumba wanakaa kuuzunguka, wanakula pamoja, na wakubwa wanaongea na vijana. Yeye kila alichonacho kichwani alikipata hapo kwa baba yake: ukoo, ng'ombe, namna ya kuishi na mke. Sasa Paulo anataka kuoa, mavuno yakiisha tu. Kijana anayeoa lazima aambiwe maneno na baba yake, na maneno hayo hayasemwi njiani wala kwenye simu, yanasemwa kwenye moto. Tatizo vijana hawapo. Jua likizama wote watatu wanakimbilia banda la gemu pale sokoni Ubaruku, wanarudi kulala.

"Nakaa na moto peke yangu," akasema. "Mimi na mbwa. Na mbwa mwenyewe juzi kaondoka."

"Aliondoka kwa sababu ulikuwa unamsimulia yeye," Nyamizi akasema.

Kwa hiyo mzee kapiga hesabu zake: kama gemu ndiyo inawatoa nyumbani, basi gemu ije nyumbani. Nikamuonyesha gemu yenyewe, kisanduku chake na padi zake mbili. Nikaichomeka kwenye TV, nikamuwekea mpira, majani ya kijani kabisa, wachezaji wanatoka jasho. Nikamshikisha Nyamizi padi, ile ya kushika mkononi unabonyeza, nikamwambia mama jaribu.

Hapo ndio akaingia Shamsudin. Shamsu ana fremu ya simu jirani yangu, babu zake watu wa pwani, ana maneno laini kama tambi za sukari. Nikiongea na mteja lazima aje kuchungulia.

"Mzee wangu, karibu sana," akasema. "Usione naingilia. Lakini gemu ni gemu tu. Kompyuta ina gemu, ina sinema, ina muziki, watoto watasoma humohumo. Ukinunua kompyuta umenunua vitu vinne."

"Shamsu, nenda kwako!" nikamwambia. "Kwa kuangalia picha na kucheza hii gemu haina mpinzani! Hiyo kompyuta gemu za maana itazibeba wapi, imetoka ofisini!"

"Sasa kompyuta si yako mwenyewe? Mbona unaiponda?"

"Naiponda kwa sababu ni yangu! Toka!"

Tulibishana mpaka muuza maandazi akasimama kusikiliza. Nkuba anageuza shingo, kwangu, kwa Shamsu, kama anaangalia madume mawili yanapigana. Na huku pembeni, hakuna anayemuona, Nyamizi anabonyeza. Kimyakimya, ulimi umetoka pembeni kidogo. Mara TV ikashangilia. Kafunga.

"Hii ina mikono miwili," akasema, ameinua padi zote mbili. "Wanacheza wawili."

Hakuna aliyemsikiliza, mimi nikiwa wa kwanza. Nilikuwa namtafutia Shamsu tusi la heshima.

Nkuba akagonga fimbo chini. "Nimeamua. Maksai mmoja anayelima, anayevuta tela na anayekanyaga mpunga ni bora kuliko anayecheza tu. Nifungie kompyuta."

Shamsu akaondoka anapiga mluzi. Siku ile sikumsalimia tena.

Nkuba aliporudi, mpunga ulikuwa bado unaanikwa kule Usangu. Safari hii salamu hakuna. Kaja na kompyuta imefungwa kwenye shuka lake lilelile, kaibeba kifuani kama ndama mgonjwa, akaiweka juu ya meza yangu, pu!

"Hii kitu inafundisha watoto wangu adabu mbaya!"

"Mzee, mali ikitoka hapa hairudi!" Na mimi nikasimama. "Umeigonga, umeisikiliza, umeiwasha na kuizima mpaka soketi imechoka! Ilikuwa inahema?"

"Haihemi! Ni nzima! Tatizo ni mgongo!"

"Mgongo gani? Wa kompyuta?"

"Wa Paulo!"

Nyamizi, amesimama mlangoni na kikapu, akasema, "Baba Paulo, kaa. Na wewe mwanangu kaa. Mnafokeana na wote mnasema kitu kimoja."

Tukakaa. Akaeleza yeye.

Walipofika Ubaruku waliweka kompyuta uani, kwenye meza, karibu na moto. Jioni ya kwanza vijana wote walibaki nyumbani, Nkuba akavaa shati safi kabisa, akajua leo naongea. Paulo akakaa mbele ya kompyuta. Kioo chenyewe kidogo, lazima usogee uso karibu. Akasogea. Akavaa na vile vya masikioni. Kwa hiyo baba mtu akawa anaongea na mgongo. Na kwenye shikome, kijana hampi mzee mgongo. Hata ukisimama kwenda kuchota maji unazunguka, unapita kwa nyuma.

"Nikageuza meza," Nkuba akadakia. "Paulo akanitazama, sawa. Lakini sasa mgongo kaupata mdogo wangu. Nikageuza tena, mgongo kaupata shemeji. Tumeizungusha hiyo meza mpaka nyasi zimekufa! Kila upande kuna mtu anapewa mgongo! Na hao wadogo wawili wakaona zamu yao haifiki, wakarudi bandani. Nikabaki na mgongo mmoja na hakuna mbwa."

Wallahi nilicheka. Nilijua atanipiga na ile fimbo, nikacheka hivyohivyo. Na Shamsu kule ng'ambo ya ukuta nikamsikia anacheka. Kumbe anasikiliza, mshenzi yule. Nkuba akanikazia macho, kidevu kinatetemeka, halafu na yeye radi ikapiga, akacheka mpaka kofia ikadondoka.

Nyamizi akasubiri tumalize. Akaenda kwenye rafu, akachukua padi mbili, moja akampa mumewe, moja akabaki nayo.

"Nilisema siku ile. Hii ina mikono miwili. Na TV yetu ni kubwa, iko ndani inaangalia ukuta. Ikitolewa nje ikawekwa upande mmoja, watu wote wanaangalia huko, nani atampa mwenzake mgongo?"

Nkuba akanigeukia, "Ulimsikia siku ile?"

"Hapana."

"Na mimi hapana. Sisi ni wapumbavu wawili."

"Watatu!" Shamsu akapiga kelele kutoka kwake.

Tukabadilishana, kompyuta ikabaki, gemu ikaenda. Nilidhani tumemalizana. Nkuba akagoma kuondoka. Kwao, anasema, anayeuza ng'ombe mzuri anamsindikiza mpaka zizini, aone anavyoingia.

"Mzee, mimi nina duka!"

"Kwani lina miguu, litakimbia? Jirani yako mwenye maneno atalilinda."

Nikaenda. Hata sijui nilikubalije.

Kwa Nkuba ni kwa watu. Uwanja mpana umefagiliwa, mpunga umeanikwa kwenye maturubai, maksai wako zizini wanatafuna. Jua likiwa linashuka tukavuta waya wa ekstensheni kutoka sebuleni, TV tukaipandisha juu ya tela la ng'ombe, tukalisukuma mpaka ng'ambo ya moto. Yaani moto katikati, watu wamekaa nusu duara upande mmoja, na TV upande wa pili. Nkuba kwenye stuli yake ya miguu mitatu, katikati kabisa.

Kabla sijawasha akasimama na fimbo.

"Sikilizeni. Gemu hii ni ya shikome, siyo ya banda. Atakayefungwa anatoka, anampa mwenzake padi, na anakwenda kuleta kuni. Moto ukizimika, gemu inazimika."

Paulo na wadogo zake wakaangaliana. Kuni? Huko bandani hakuna habari ya kuni. Lakini nilipowasha, ule mpira ukatokea mkubwa vile, juu ya tela, nje kwenye hewa, basi. Wakaanza. Wa kwanza kufungwa akaondoka analalamika, akarudi mbio na kuni kwapani asipitwe. Wa pili hivyohivyo. Majirani wakaja, na watoto wao, na yule shemeji aliyepewa mgongo. Hata mwenye banda la gemu alikuja kuangalia wateja wake wamekwenda wapi, akafungwa, akatumwa kuni. Moto ukawa mkubwa mpaka tukasogea nyuma.

Kisha zamu ikamfikia Nkuba, na Nyamizi ndiye aliyekuwa na padi ya pili, kafunga watu wawili mfululizo. Wanawake kwenye shikome huwa hawakai, lakini nani angemtoa? Alikuwa anashinda!

Nkuba anacheza vibaya, sijawahi kuona. Anainuka na padi, anageuza na kiwiliwili kizima, anaswaga wachezaji wake wote upande mmoja kama wanakwenda kunywa maji. Watu wanalia kwa kucheka. Katikati ya hizo kelele Paulo akasema, anaangalia TV, kama vile kajisemea tu:

"Baba, hivi mama ulimpataje?"

Nkuba akasimama. Nilimuona. Mdomo umefunguka na hakuna sauti, na mimi toka nimjue sijawahi kumuona hana sauti. Padi ikashuka mpaka mapajani. Akageuka kwa mwanae.

"Nilimkuta mtoni Mkoji anafua," akasema. "Mimi nanywesha ng'ombe. Ng'ombe wangu wakakanyaga nguo zake, zote. Akanitukana, Paulo, akanitukana mpaka ng'ombe wakaacha kunywa. Nikajisemea, huyu akiwa upande wangu, nani ataniweza?"

"Goli!" watu wakapiga kelele. Nyamizi kafunga. Mzee hata hajaangalia.

"Kwa hiyo jambo la kwanza, mwanangu. Mke akikutukana, usikimbie, sikiliza kwanza, huenda umekanyaga nguo zake. La pili..."

"Goli!"

"La pili, akisema kitu msikilize mara ya kwanza, usisubiri mpaka meza iue nyasi."

Paulo alikuwa ameacha kuangalia TV. Wadogo zake vilevile. Mikono ya Nkuba inapaa, anaeleza, padi inaning'inia kwenye waya wake, na moto unamuangaza uso wote. Nyamizi peke yake ndiye anaendelea kubonyeza, ulimi umetoka pembeni, machozi yanamshuka na anacheka, anafunga tu, anafunga tu.

Mpira ukaisha. Nkuba akaangalia TV, akaangalia mkewe.

"Umenifunga nikiwa naongea habari zako!"

"Kuni, Baba Paulo."

"Mimi mwenye mji?"

"Kuni!" uwanja mzima ukaitikia, na mimi nimo, nimepanda juu ya ndoo.

Akavaa kofia yake vizuri, akashika fimbo, akaenda. Njia nzima tunamsikia anavyosalimia watu gizani na kuwaeleza kwa sauti ya radi kwamba mke wake kamfunga na anakwenda kuni, njooni muone. Aliporudi alikuwa na gogo begani na watu sita nyuma yake. Akalitupa motoni, cheche zikaruka juu. Akageuka kukaa.

Stuli yake ilikuwa na mtu. Mkeka umejaa. Tela lenyewe lina watoto. Akazunguka moto wake mwenyewe mara moja, kwa nyuma ya watu, bila kumpa mtu mgongo, anatafuta pa kukaa na hapaoni.

"Songa," akaniambia, akabanana na mimi kwenye ndoo. "Haya. La tatu, Paulo..."