Karani Aliyeandika Kicheko

Karani wa hatimkato katika bunge la jimbo, kule Maranhão, huketi chini ya jukwaa, mikono ya shati imekunjwa, na mkono wake wa kulia hukimbia karatasini ukinasa kila neno, bila yeye kuutazama. Msimu wa uchaguzi ukifika, wabunge humwinamia sikioni: "Mzee wangu, pale niliposema 'wezi', weka 'wapinzani'." Naye hujibu kwa upole, "Limeshasemwa, Mheshimiwa," kisha huchonga penseli.

Wiki mbili kabla ya kura, mpinzani wa mbunge Jurema alitangaza redioni kwamba Jurema alitishia bungeni kuchoma mashamba. Jurema, mvunja nazi za mwituni aliyechaguliwa na wavunja nazi wenzake, alisimama ukumbini kukana. "Karani, tusomee alichosema siku ile," spika akaamuru. Karani akafunua daftari: "'Mkiikata minazi yetu, enyi wenye ng'ombe, wanetu watakula nini? Nyasi?' Hapo Mheshimiwa alilia. Wabunge wenye mashamba walicheka."

Jurema akashuka hadi mezani pa karani.

"Baba, hata kicheko chao umekiandika?"

"Kilikuwa kikubwa, binti yangu. Ningekirukaje?"

Jurema akaushika mkono wake akaubusu, kama kwao mtoto anavyomwomba mzazi baraka.