Dakika ya Milembe Uwanjani Dutwa

Milembe alikuwa anauza mitumba soko la Bariadi alipokutana na viatu ambavyo mama yake, Eufrasia, baadaye aliviita balaa kwa muda mrefu. Vilitoka katikati ya belo la viatu vya watoto: vya satini, rangi ya waridi, ncha zake ngumu kama ubao. Wauzaji wenzake walicheka, wakasema hivyo ni vya kuzikia. Yeye akavivaa, akasimama kwa ncha za vidole, akaangukia rundo la suruali. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyohiyo akaanza kutafuta kwenye simu watu wanaovaa viatu vya namna ile, na hajaacha mpaka leo.

Baleti, dansi ya viatu hivyo, alijifunzia kwenye hiyo simu, ameshika nondo za dirisha la chumba cha kupanga. Baadaye akakaa Dar es Salaam miaka mitatu na kikundi cha dansi ya kisasa, ile ya miguu peku, ya kujiviringisha chini na kusimama tena. Akarudi kwa hiari yake, jambo ambalo watu wa kwao Dutwa hawakulielewa hata kidogo. Mtu anarudije na kifundo cha mguu kilichovimba, hana mume, hana gari, halafu anakusanya vijana watano waanze kugaragara sakafuni? Kanisani Eufrasia aliambiwa amwombee mtoto. Alimwombea, na bado alimfungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kwenda nayo mazoezini.

Mazoezi yalifanyika kwenye ghala la zamani la pamba, mali ya kikundi cha ngoma cha mjomba wake, Masele. Masele ni ningi, ndiye anayewaongoza wachezaji wa kundi la Bagalu pale kijijini, mahasimu wa Bagika, na kwa miaka yake sitini mwili bado unajua kazi. Wenzake walinung'unika kwamba ghala lao limegeuzwa la wendawazimu, kwa hiyo akamwita mpwa wake.

"Baada ya mavuno tunashindana na Bagika. Nitawapa nusu saa ya upande wetu," alimwambia. "Mkiwashika watu, mnaendelea na ghala. Wakiwakimbia, mnalirudisha."

"Sawa, mjomba."

Usukumani mashindano ya ngoma hayana majaji wa karatasi. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, hawa huku na wale kule, na watazamaji wanatembea. Ukiwachosha, wanahamia kwa mwenzako. Mwenye watu wengi kashinda, basi. Milembe amekulia humohumo; utotoni naye alishawakimbia wachezaji wengi tu.

Dansi yake ilihusu wachuma pamba, na mwishoni wote sita walisimama wameinama, mikono hewani, bila ngoma, bila wimbo, dakika nzima. Dar, kwenye kimya kama hicho, watu walikuwa wanabana pumzi. Joyness, mchezaji wake hodari kuliko wote, alimwambia waziwazi, "Dada, hapa ukinyamaza umekwisha." Milembe akajibu kwamba bila ile dakika dansi haina maana. Kiburi kilikuwepo, wala mwenyewe hakatai.

Siku yenyewe walianza vizuri ajabu. Watu walijaa. Kina mama walipiga vigelegele walipoona ile migongo inavyojikunja, maana kila mmoja pale anayajua maumivu ya kiuno cha shambani. Kisha ngoma ikanyamaza.

Watu walingoja kidogo. Upande wa pili Bagika wakapandisha ngoma zao, kwani si wajinga, na mtu mmoja akageuka, akafuatwa na wengine, mara uwanja mzima ukahama na baiskeli zake. Hawakuwa na ubaya wowote. Waliona kazi imekwisha. Milembe alikuwa anahesabu. Ishirini na tano. Alijua akiinua kichwa tu, mpiga ngoma ataanza na watu watarudi. Kifundo kilimuuma, na aliogopa, aliogopa hasa, maana ghala lilikuwa linaondoka huku anaona. Hakuinua. Vijana wake nao hawakuinua. Ilipofika sitini walijinyoosha, na aliyekuwa amebaki mbele yao ni Eufrasia peke yake na kikapu chake.

Kesho yake asubuhi Masele alifuata ufunguo wa ghala. Milembe alimpa kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, mjomba. Huu hapa."

"Uliwaona wakiondoka?"

"Niliwaona."

"Na ungeweza kuwarudisha."

"Ningeweza. Ila dakika ilikuwa haijaisha."

Masele alikaa kwenye kizingiti, akausugua ufunguo kwa kidole gumba.

"Miaka arobaini nacheza," alisema. "Mtu mmoja akinipa mgongo, nabadilisha wimbo. Kila mara. Nyimbo nyingine nilizitunga vizuri sana, na hakuna hata moja niliyoifikisha mwisho."

Mjomba alitia ufunguo mfukoni.

"Huu nabaki nao mimi, tulikubaliana hivyo. Mnaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi mtanikuta mlangoni."