Utepe Juu ya Kisima cha Mbagala

Shirika letu la Kipawa lilikuwa na ugonjwa mmoja: kuzindua. Kumaliza hatukujua. Tulizindua ufugaji wa kuku, tukazindua cherehani, tukazindua uyoga kule Pugu, na kila uzinduzi na mgeni rasmi wake, fulana mpya, utepe na pilau. Pilau likiisha kila mtu anarudi kwake, kuku wanabaki na Mungu wao.

Mie nilikuwa msimamizi wa kisima cha Mbagala. Mama mmoja mjane alitupa kipande cha uwanja wake, palepale lilipokuwa genge lake la nyanya na vitunguu. Alilibomoa mwenyewe siku alipouona mtambo wa kuchimba. Maji yakapatikana, tukafunika shimo kwa zege, ikabaki kufunga pampu tu. Fundi tulikuwa naye mmoja, na kabla hajafungua hata boksi mkurugenzi akamwita aende Pugu, eti uyoga unazinduliwa. Pampu nayo ikapelekwa hukohuko kumwagilia uyoga! Mama akabaki hana genge, hana maji. Kila nikifika namwamkia, "Shikamoo mama," naye, "Marahaba mwanangu. Fundi yuko wapi?" Namwambia yuko Pugu, masikio yananiwaka moto.

Wafadhili walipochoka wakatuletea mtaalamu wa usimamizi wa potifolio. Nilimpenda yule bwana. Alisema wekeni miradi yote mezani kwa pamoja, muulize upi unalisogeza lengo la shirika na upi unakula watu na vifaa bure. Usiofaa usimame, unaofaa upate fundi. Mie huyo, mkono juu: kama ni hivyo, uyoga usimame, pampu irudi Mbagala.

Mkurugenzi akaniangalia kama nimemtukania mama yake. "Uyoga ni mtoto wetu," akasema. Na kuku? Mtoto wetu. Cherehani? Mtoto wetu pia. Lo! Watoto wote hao, na hakuna hata mmoja aliyeachishwa ziwa! Mtaalamu akamweleza tena, polepole, kwamba potifolio kazi yake ni kuchagua. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akapiga meza: basi tuanzishe Mradi wa Potifolio, tuuzindue mwezi ujao. Wenzangu wakapiga makofi, watu wazima na shahada zao. Mtaalamu akafunga kompyuta yake akaomba maji ya kunywa.

Uzinduzi ukapangiwa Mbagala, kwa sababu pale kisimani palikuwa peupe, panatosha maturubai. Tunafika asubuhi na maspika yetu, tunamkuta mama kajenga upya genge lake, juu ya zege la kisima.

"Mama, tupishe kidogo tu," mkurugenzi akambembeleza. "Mgeni rasmi yuko njiani."

"Si niliwapisha mwaka jana, baba? Leo nauza."

Akaendelea kupanga mafungu ya nyanya. Gari la mgeni likaonekana kwenye kona, MC keshaweka muziki wa singeli, jasho linamtoka mkurugenzi. Unajua walifanya nini? Walifunga utepe kwenye nguzo za genge! Mgeni akakata, akanunua fungu moja, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hajawahi kuona mradi unaofanya kazi siku ileile ya kuzinduliwa. Mkurugenzi akainamisha kichwa, mkono kifuani, anapokea sifa. Hana hata chembe ya haya!

Genge likaingia kwenye ripoti kama matunda ya kwanza ya potifolio. Wakaligongelea kibao cha shirika.

Wiki iliyofuata nilipita. Mama alikuwa anapokea madumu kutoka kwa muuza maji wa mkokoteni, anayapanga juu ya zege letu, na maji ya kisima yako chini ya kandambili zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nikufungie nyanya za ngapi?"

Habari za fundi hakuniuliza tena.