Ofa za Belinda

Belinda Sunglao wa mji wa Guagua alitengeneza soseji tamu za nguruwe ambazo hata waliomchukia walizila kwa siri. Kilichomponza si mkono wake, ni simu yake.

Tangu alipojua kutuma meseji moja kwa mji mzima, hakuna aliyepumua. Kila alfajiri, watu hawajanawa uso: "HABARI MOTO KUTOKA KWA BELINDA! OFA LEO TU!" Leo tu, kila siku, mwaka mzima. Aliipanga ijitume yenyewe. Ruhusa hakuomba, wala hakuweka njia ya mtu kujitoa. Namba alizichota harusini na hata matangani. Yake pia aliitia humo, maana alipenda kujisoma. Ijumaa Kuu, mji mzima hauli nyama, yeye akawatangazia nyama.

Hakuna aliyemkemea. Guagua watu wako radhi wakusengenye hadi kaburini kuliko kukwambia usoni kwamba umewachosha. Hata Nening, aliyesimamiwa na Belinda ubatizo wa mwanawe, ndiyo maana wakaitana mare, alimchekea kanisani: "Ofa zako tunaziona, mare!" Belinda akavimba kichwa, akaongeza meseji ya jioni.

Kisha dhoruba ikakata umeme, nyama ikayeyuka kwenye friza. Asubuhi aliinusa harakaharaka, akauza. Mchana alipofungua pakiti ya mwisho, harufu ya uozo ikampiga puani. Aliwatumia wote: "Msile! Imeharibika!" Kwa mazoea aliiweka chini ya kichwa kilekile, HABARI MOTO. Kwa Nening palikuwa nyumba ya tatu tu. Angekwenda kwa miguu. Lakini simu ilimwambia imetumwa, naye akaiamini, akaketi kujipepea.

Jioni ile mama yake Nening alikula soseji hizo na wali.

Alfajiri iliwakuta Belinda na Nening kwenye benchi la hospitali, nusu ya majirani wakiwa wamesimama ukutani.

"Mare, niliwaonya! Nilituma meseji, naapa!"

"Namba yako niliifungia tangu Ijumaa Kuu."

"Si uliniambia mnaziona?"

"Ulitaka nikwambie nini? Mbele ya padri, nikuaibishe?" Nening hakupaza sauti. "Uliza hawa. Wote wamekufungia."

Belinda aliwatazama. Kila mmoja aliinamia viatu vyake.

"Mngeniambia jamani! Neno moja tu!"

"Nawe ungebisha hodi, mare. Mara moja tu."

Daktari alitoka, akamshika Nening bega, na Nening akajua kabla hajaambiwa. Alilia bila kumwegemea Belinda, ingawa ndiye aliyekuwa karibu.

Hapo simu ikalia. Katika ukumbi ule kila mtu alikuwa na yake, lakini ililia moja tu, mfukoni mwa Belinda. Hakuhitaji kuitazama. Ilikuwa saa ya ofa.