Nilivyojiandaa kwa interview ya UX hapa Garsen, na mama akatoa mbegu badala ya kukimbia

Wakuu, salamu kutoka Garsen.

Humu mimi ni msomaji wa muda mrefu. Huwa naingia, nasoma, natoka bila kusema kitu. Leo nimeamua kuandika. Naandika polepole na shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo mtanivumilia. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Ni kuhusu interview ya kazi ya UX.

Kwa asiyejua, UX ni kazi ya kupanga jinsi mtu atakavyotumia app bila kuhangaika. Kitufe kikae wapi, neno gani liandikwe, macho yaone nini kwanza.

Niliingiaje huko?

Kwetu ni Wema, kando ya mto Tana. Mama analima mpunga. Nilipomaliza shule ya msingi njia ya kuendelea haikuwepo, nikaja Garsen kwa dada Halima, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na mabasi ya Lamu. Si dada yangu wa damu. Yeye ni Morma, watu wa ng'ombe, mimi ni Mpokomo, watu wa kulima, lakini kazi nimefunzwa naye.

Pale kibandani niligundua jambo. Watu wengi walileta simu wakisema imeharibika, na simu ni nzima. App ndiyo iliyowashinda. Mzee anabonyeza mahali pamoja, anabonyeza tena, hakuna kitu, anaitukana simu. Mimi nakaa kimya natazama kidole chake kinatafuta nini.

Sisi watu wa aibu tunajua kutazama.

Siku moja nikakuta video, mtu anaeleza kwamba kuna kazi ya kutazama hivyo hivyo na unalipwa. Nikaanza masomo ya bure kwenye simu, baadaye kwenye laptop kuukuu ya dada Halima ambayo ukiinyanyua inazima.

Basi likatokea tangazo. Kampuni fulani inatengeneza app ya kuwaonya watu wa delta ya Tana kuhusu mafuriko, inatafuta msaidizi wa designer. Hawakudai cheti. Walisema: tengeneza skrini moja ya onyo, uje nayo, utueleze ulifikaje hapo.

Nikatuma maombi. Wakaniita.

Furaha haikukaa, wakuu. Lile neno "utueleze" lilininyima raha. Mimi nikiulizwa jina langu mbele ya watu watatu, nalitafuta kwanza.

Na mjomba naye alikuwa amenipatia nafasi ya kupakia saruji Malindi, anataka jibu. Nikamwambia mama, nikikosa hii naenda kwa mjomba. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba sitaikosa kwa sababu ya aibu. Nikiikosa, iwe ni kwa sababu nyingine.

Nikatengeneza skrini yangu. Nyekundu yote. Katikati HATARI kwa herufi kubwa, chini yake "Mafuriko yanakuja", juu alama ya pembetatu. Nilikuwa nimeona nyingi za aina hiyo mtandaoni. Niliipenda sana.

Dada Halima akaitazama.

"Jillo, hili ni onyo ama ni gari la zimamoto?"

"Ni onyo."

"Haya, kaa hapo. Mimi ndiye bosi." Akavaa miwani yake ya jua, akainua kidevu. "Kijana, tueleze."

Nikainamia meza.

"Tunakusikiliza."

"Hii ni... skrini."

"Aa! Kumbe ni skrini. Mimi nilidhani ni sufuria."

Wateja waliokuwepo wakacheka. Nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini dada Halima hakuniacha. Kila asubuhi kabla wateja hawajajaa ananikalisha, anavaa miwani, anauliza. Akiona naongea huku nimeinamia meza anasema, "Meza haiajiri mtu. Nitazame mimi."

Pia nilikariri maneno ya Kiingereza. User, problem, solution, process. Niliyasema nikioga, niliyasema nikifagia.

Sasa, kwenye masomo wanasema usiamini kazi yako mpaka mtu halisi ameishika. Jumamosi nikaenda Wema.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba na jirani yetu, Mama Dhadho, wanapepeta mchele. Nikampa mama simu bila kumweleza chochote. Ndivyo tunavyofundishwa: mpe mtu, nyamaza, tazama. Hapo kwenye kunyamaza mimi sihitaji mwalimu.

Mama akasoma taratibu. Akamsomea Mama Dhadho, ambaye hajui kusoma. Akanirudishia simu, akaingia ndani.

Nikangoja. Nilidhani anaenda kuchukua nguo au godoro, kama mtu anayehama.

Akatoka na gunia la mbegu za mpunga. Akatandika mkeka, akaanza kuzianika.

"Mama, unafanya nini?"

"Si simu yako imesema maji yanakuja?"

"Lakini imeandikwa hatari!"

"Nimeona. Hata redio husema hatari. Maji yasipokuja tutakula nini, tutakula hiyo simu?"

Mama Dhadho alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Akauokota, kisha akaniuliza, na sasa hakuwa anacheka.

"Mwanangu, ni maji ya kupanda ama ni maji ya kuhama?"

Nikaitazama tena skrini yangu. Jibu hilo halikuwemo.

Nieleze kidogo kwa wasiojua kwetu. Mvua ikinyesha huko juu, mto unafura na maji yanaingia mashambani. Bila maji hayo hakuna mpunga. Tunayangoja, tunayaulizia, yakichelewa watu wanakonda. Lakini kuna mwaka hayaishii shambani, yanaingia hadi ndani. Nikiwa mdogo nimelala kwenye hema kando ya barabara, nguo za nyumba nzima zikiwa kwenye beseni moja.

Kwa hivyo nayajua yote mawili. Nimezaliwa hapo. Na bado nilichora skrini ya mtu ambaye hajawahi kuungoja mto. Niliiga kazi za watu ambao kwao maji ni adui tu.

Nilirudi Garsen nimeudhika, lakini si kuudhika kwa kukata tamaa. Nikafuta kila kitu nikaanza upya.

Safari hii nikachora picha. Ya kwanza, maji yamesimama ndani ya mpunga, na nyumba iliyo nyuma ni kavu. Chini nikaandika, "Maji yatafika mashambani." Ya pili, nyumba yenyewe, maji yamefika kwenye kitasa cha mlango. "Maji yatafika nyumbani. Hameni." Nyekundu nikaiweka kwenye ile ya pili peke yake.

Dada Halima akavua miwani kabisa.

"Na sisi wenye ng'ombe? Baba yangu halimi, na hiyo nyumba yako ya mabati hana. Yeye anataka kujua malisho gani yatafunikwa, ili atoe ng'ombe mapema."

Nikaongeza picha ya tatu, ng'ombe na majani yanayozama.

"Hapo sasa," akasema. "Kesho nitakuuliza kwa Kiingereza."

Nikarudi tena Wema. Nikampa simu Mama Dhadho, ikiwa na ile picha ya nyumba. Sikusema neno. Akaisogeza karibu na macho. Akaitazama. Niliona uso wake unabadilika.

"Haya ni ya kuhama," akasema, na akasimama. "Dhadho yuko wapi? Mwiteni atoe mbuzi!"

Ilibidi nimshike mkono. Nikamwambia, mama, ni jaribio tu, mto uko chini, hakuna kitu. Akanipiga begani kwa ungo.

"Usinichezee na maji, wewe."

Nilimwomba radhi. Kosa lilikuwa langu, nilipaswa kumwambia mapema kwamba ni jaribio. Lakini wakuu, niliporudi Garsen nilikuwa mtu mwingine. Mama Dhadho, ambaye hajui kusoma, alishika skrini yangu na akajua la kufanya. Nikajiambia, hili lazima nilieleze, hata kama sauti itatetemeka.

Siku ikafika. Interview ilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli hapa hapa Garsen. Nilivaa shati la kaka yake dada Halima, mikono yake inanifika vidoleni. Walikuwa wawili: madam mmoja mtu mzima, na kijana mwenye laptop.

Madam akaniuliza kwa Kiingereza nieleze process yangu, yaani nilifikaje hapo.

Maneno yote niliyokariri yakapotea. Hata user. Nikabaki naitazama meza, nzuri, ina kitambaa cheupe.

Meza haiajiri mtu.

Nikainua macho. Nikasema, "Naomba niseme kwa Kiswahili."

"Sema," akajibu madam.

"Na naomba mshike simu."

Nikampa yule kijana skrini ya kwanza, ile nyekundu. "Uko Wema, umepata hii. Unafanya nini?"

"Naondoka haraka."

"Mama yangu alitoa mbegu akaanika."

Madam akaegemea mbele. Basi nikasimulia kama nilivyowasimulia hapa. Mbegu, hema, baba yake Halima na ng'ombe wake, mpaka ungo begani. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha nikaisahau.

Nilipomaliza, yule kijana akauliza swali ambalo dada Halima hakuwahi kuniuliza.

"Sawa. Umemwonyesha mtu picha ya shambani. Ametulia, amelala. Halafu maji yakaendelea mpaka nyumbani. Utafanyaje?"

Nilifikiri. Ningeweza kubuni jibu, nilishaona kwenye video watu wakifundishwa kubuni. Lakini nilimwona Mama Dhadho amesimama pale anaita mbuzi watolewe.

"Sijui," nikasema. "Lakini najua nyumba za kwenda kuuliza."

Madam akaandika kitu. Wakasema watapiga simu.

Nilirudi kibandani nina hakika nimekosa. Nikamwambia dada Halima, nimewajibu sijui.

"Ulisema kwa sauti gani?"

"Ya kusikika."

"Basi umesema. Haya, shika hii simu, ina kioo cha kubadilisha."

Walipiga nikiwa na kioo kingine mkononi. Madam alisema nimepata, kwa muda wa majaribio kwanza, na kwamba kazi yangu ya kwanza ni lile swali lililonishinda. Nilishukuru, akasema hanisikii. Nikashukuru tena mpaka wauza mirungi upande wa pili wa barabara wakageuka.

Mjomba nilimpa jibu lake. Akauliza kama kuchora maji kuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Nikamwambia upo.

Nilichojifunza ni hiki. Maswali ya interview yaliyo mtandaoni yasome, mimi niliyasoma, lakini kilichonishikilia siku ile si hayo. Ni watu niliowapelekea kazi yangu kabla ya kuipeleka kwa mabosi. Na kama una aibu kama mimi, mtafute mtu atakayekucheka bila kukuchukia, ukae mbele yake kila siku. Aibu haikuisha. Bado ninayo, hata sasa kabla ya kubonyeza kutuma.

Sasa naombeni mchango wenu, na si wa kunipongeza. Lile swali ninalo mkononi na bado sijalimaliza.

Ninyi mlioishi kando ya mto wowote, Tana, Sabaki, hata huko mbali: maji yameshaingia shambani, mmeyafurahia, watoto wako ndani. Ni kitu gani mnachokiona au kukisikia kinachowaambia msilale hapo leo?

Andikeni hata neno moja. Mimi nitanyamaza, nisome.