Duara la Uyoga Uani kwa Mama Bhoke

Nilipokuwa mtoto kule Nyarero, tuliambiwa kwamba uyoga ukiota kwa duara uani kwa mtu, chini yake pamefukiwa dawa ya kuua. Niliamini kabisa. Nani hakuamini?

Nikiwa darasa la sita, mvua ziliponyesha, duara kama hilo likatokea uani kwa Mama Bhoke, jirani yetu mjane. Wiki ileile ndama wa baba mdogo akafa. Basi, watu wakaunganisha mambo. Asubuhi moja wanaume wakaja na majembe, wakiongozwa na Mzee Marwa, mzee aliyeheshimiwa kijijini. Wakiikuta dawa, walisema, mama huyo angehama siku hiyohiyo. Alisimama mlangoni amemshika mkono Bhoke, rafiki yangu.

Siku chache kabla, Mwalimu Rhobi alikuwa ametufundisha viumbe vinavyoozesha. Alipasua gogo bovu, akatuonyesha nyuzi nyeupe ndani yake.

"Uyoga wenyewe ndio huu," alisema. "Hauna mdomo wala tumbo. Unatoa majimaji yanayoyeyusha chakula hukohuko nje, ndipo unafyonza. Kikiisha hapa, unasogea mbele."

Nilimsogelea Mzee Marwa.

"Shikamoo, babu. Hapa hakuna dawa. Kuna mti uliooza na nyuzi nyeupe. Uyoga ulianza kula katikati, ukaenea pande zote. Ndiyo maana ni duara."

"Na tusipouona huo mti?"

Nikasema tu, "Chimbeni, babu."

Walichimba. Majembe yakazama kwenye kisiki kilichofukiwa zamani, laini kama ugali, na mizizi yake imefunikwa nyuzi nyeupe tele. Wakachimba mpaka usawa wa kiuno. Hakuna kingine. Mzee Marwa alivunja kipande kiganjani, akakitazama sana.

"Mtoto amesema kweli. Rudisheni udongo."

Mama Bhoke akapiga vigelegele. Bibi yangu, mwoga wa dawa kuliko wote, akaitikia kutoka kwetu, na njia nzima ikajaa wanawake wanaocheza. Mimi nilibebwa juujuu kama bibi harusi!

Leo nafundisha sayansi mjini Mugumu. Kilichomuua yule ndama sikukijua kamwe. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimshinda Mzee Marwa. Sasa naona tulishinda wote: mimi nilithubutu kusema, naye, mbele ya watu aliowaleta mwenyewe, akakubali alichokiona. Na Mama Bhoke akazeekea nyumbani kwake.